Breki ya Mwalimu

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nitamvuta mkono kidogo tu, maana aibu haipendezi kusimuliwa mara mbili.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wananiita Breki, kwa sababu mguu wangu ni mwepesi kwenye ile pedali ya ziada iliyoko upande wa mwalimu, ile inayosimamisha gari pale mwanafunzi anapotaka kutuua. Wiki iliyopita mguu huo ulichelewa. Mwanafunzi wangu mmoja, msusi, alirudi nyuma tukingoja mtihani wake hadi akaligonga gari la mtahini. Mtahini mwenyewe alikuwa ndani anakula chakula cha mchana.

Mkuu wa Chuo akaniita ofisini. Huyu Mkuu ndiye mwenye chuo. Ndiye pia baba mzazi wa mke wangu. Na ndiye mwenye vile vyumba viwili vya uani tunamoishi. Kwa hiyo nikikosana naye asubuhi, jioni sina kazi, sina pa kulala, na sina hata wa kumlalamikia.

"Kosa jingine moja," aliniambia, "nachukua kibali chako cha ukufunzi. Na kitanda chako utakikuta barabarani."

Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Kitanda ni chake pia. Hapo ndipo tulipoachana, msomaji wangu, nikiwa nimeshika kofia mlangoni.

Sasa twende Jumamosi.

Jumamosi hiyo Mkuu alikuwa anatunukiwa ngao. Umoja wa vyuo vya udereva ulikaa, ukajadiliana, ukaona kwamba hakuna mtu aliyepiga vita ulevi barabarani kumshinda yeye. Hema likasimikwa kwenye uwanja wetu wa kufundishia kuegesha. Viti vikapangwa juu ya mistari ya maegesho, na zile koni wanazozigonga wanafunzi zikafungwa utepe, zikawa mapambo.

Mkuu akahutubia.

"Dereva mlevi," alisema, "ni muuaji ambaye hajakutana bado na marehemu wake."

Makofi yalipigwa hadi hema likatikisika. Mama mkwe alifuta machozi. Mgeni Rasmi, ambaye ni ofisa mkubwa wa usalama barabarani, aliomba kalamu akaiandika sentensi hiyo kiganjani, nadhani akaitumie kwake.

Kisha Mkuu akaketi, na glasi zikaanza kuja.

Kila aliyetaka kumpongeza alikuja na glasi. Wenye vyuo vingine walikuja na glasi, wazazi wa wanafunzi walikuja na glasi, na waliokuwa wamempongeza tayari wakarudi kwa sababu walikuwa wamesahau kusema jambo fulani. Mimi nilikaa pembeni yake kwa cheo changu cha mkwe. Nikaona macho yake yanaanza kulegea. Nikaona na ufunguo wa gari lake umelala mezani, karibu na ngao.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungemwambia inatosha? Jaribu kwanza kumwambia bosi wako. Ukipona, mwambie baba mkwe wako. Ukipona tena, mwambie mwenye nyumba wako. Mimi nilitakiwa kuwaambia wote watatu kwa mkupuo mmoja.

Nikabuni njia ya adabu. Kila alipogeuka kumpa mtu mkono, nilichukua glasi yake, nikaimaliza, nikairudisha mahali pake. Namwokoa mzee wa watu bila kumvunjia heshima. Nilijiona nina akili sana.

Mpango huo ulikuwa na tundu moja. Asubuhi mama mkwe alikuwa amewakaripia wahudumu kwamba glasi ya Mkuu isionekane tupu hata kidogo. Kwa hiyo kila nilipoimaliza, waliijaza. Mkuu naye akigeuka anaikuta imejaa, anajiambia hajanywa kitu, anakunywa.

Tukaenda hivyo kwa zamu, mkwe na mkwe, hadi keki ikakatwa.

Mke wangu akaja kuniinamia sikioni.

"Unanuka pombe," alisema.

"Namsaidia baba yako."

Akanitazama, akaitazama glasi, akamtazama baba yake. "Baba nimeshamwambia asiendeshe. Ameniambia anaendesha tangu sijazaliwa. Wewe utamwambia?"

"Nalishughulikia."

"Kwa mdomo au kwa hiyo glasi?"

Nikaisukuma glasi mbali kidogo.

"Mimi nimechoka," akasema. "Naondoka na mama kwenye gari la shangazi." Akaenda zake taratibu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika boksi la keki.

Nilifurahi. Yeye akishakuwa kwenye gari la shangazi, mimi nimebakiwa na tatizo moja tu.

Tatizo lenyewe likasimama, likaweka ngao kwapani, likachukua ufunguo.

"Ngao hii naipeleka nyumbani mwenyewe," Mkuu alitangaza. "Na naendesha mwenyewe." Akaanza kuelekea kwenye gari lake. Akapita kati ya koni mbili, akaigonga ya kushoto, akageuka kuiomba radhi.

Hapo ndipo kamati ilipozaliwa.

Tulikutana nyuma ya hema bila kuitana. Alikuwapo Mwalimu wa Alama, anayefundisha alama za barabarani na anayejiona naibu wa Mkuu ingawa hakuna aliyemteua. Alikuwapo karani wa chuo, na mpiga picha, na jirani ambaye geti lake linatazamana na letu. Na Mgeni Rasmi mwenyewe.

"Lazima azuiwe," alisema Mwalimu wa Alama. "Akiingia mtaroni leo na ile ngao, Jumatatu nani atajiandikisha chuo hiki?"

"Lazima kabisa," alisema karani. "Sufuria za watu nilizoazima kwa shughuli hii ziko zote kwenye buti lake."

"Mimi nimempiga picha ameshika ngao anacheka," alisema mpiga picha. "Akipata ajali, hiyo ndiyo picha itakayotoka. Jina langu liko chini yake."

"Geti langu nimelipaka rangi juzi," alisema jirani. "Huyu mzee hata akiwa hajanywa hulikwangua."

Mgeni Rasmi alivaa kofia yake, akaivua tena. "Ndugu zangu," alisema kwa upole, "mimi leo ni mgeni rasmi, na mgeni rasmi haoni. Lakini akivuka lile geti na gari lake, nitakuwa askari, na nitakuwa nimeona. Sasa nawaomba mnisaidie nisione." Kisha akatokomea upande wa choo, haraka, asije akaona.

"Na wewe, Breki?" karani aliniuliza.

"Akigonga, wataniuliza mkwe wake nilikuwa wapi," nilijibu. "Kibali changu ndicho kitakachokwenda."

Wote wakatikisa vichwa kwa huruma. Sababu yangu ilipokelewa vizuri.

Nikiwa pale niliona jinsi Mkuu anavyopendwa, na roho ikanifurahi. Baadaye sana ndipo nilipokumbuka kwamba katika kikao kile hakuna aliyemtaja mtu anayevuka barabara. Hata mimi sikumtaja.

Ikabaki nani akamwambie.

"Wewe ndiye mkwe," aliniambia Mwalimu wa Alama. "Mkwe husikilizwa."

"Mkwe hunyamaza. Wewe ndiye naibu wake."

"Mambo ya unaibu hayajathibitishwa bado," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikiri.

"Mwambieni ana simu ofisini," alisema karani.

"Ataichukua na atarudi."

"Basi mficheni ufunguo."

"Uko mkononi mwake. Nenda kamfungue vidole."

Karani akavitazama vidole vyake mwenyewe. Tukamsikia Mkuu kule mbele anajaribu kufungua mlango wa gari ambalo si lake.

Ndipo Mwalimu wa Alama akapata wazo. Naliandika hapa kama lilivyotoka, msije mkasema natia chumvi.

"Breki, lile gari la mafunzo, breki yake ya mwalimu ni nzima?"

"Nzima."

"Jirani alete gari lake aegeshe nyuma ya la Mkuu, asiweze kutoka. Litabaki la mafunzo. Aendeshe hilo, na wewe ukae kiti cha mwalimu. Yeye ashike usukani, wewe ushike breki. Heshima yake iko palepale, na gari lina mtu mzima ndani."

Tukalitafakari. Kisha mmoja akashusha pumzi, na wengine wakashusha zao.

Ukimweleza mpango huu muuza duka, atakuuliza kwa nini msimnyang'anye ufunguo mkamaliza. Ni watu waliofundisha udereva maisha yao yote tu wanaoweza kuamini kwamba ulevi wa dereva unatibiwa kwa pedali ya pili. Na katika watu wote wale wenye vyeti ukutani, hakuna aliyeuliza huyo mwalimu wa kushika breki amekunywa kiasi gani. Mimi nilikuwa najua. Nilijiambia kwamba pombe ile ilikuwa ya Mkuu.

Jirani alikimbia kuleta gari. Sijawahi kuona mtu anaegesha vizuri vile.

"Nani kanizibia?" Mkuu aliuliza alipolipata gari lake.

"Mgeni fulani, Mkuu," nilisema. "Hapatikani. Labda tuchukue la mafunzo. Tena ungenionyesha kidogo jinsi linavyoendeshwa."

Alinitazama, akalitazama la mafunzo. Kisha uso ukachanua. "Tangu ile habari ya mtahini," alisema, "nilikuwa natafuta nafasi ya kukukalisha hapo ujifunze."

Nikamfungulia mlango wa dereva, akaingia, akailaza ngao miguuni. Nikazunguka, nikafungua wangu, nikakaa, nikafunga mkanda, nikaweka mguu juu ya breki. Gari lilipowaka nikasikia kitu kimekohoa. Nikadhani ni injini, maana injini ile ina historia yake.

Kamati ilitupungia mikono. Jirani alikuwa amesimama mbele ya geti lake amekunjua mikono yote miwili.

Tukatoka salama.

Lazima niseme haki ya mtu. Mkuu aliendesha vizuri. Alikwenda polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, indiketa inawaka hata pale barabara iliponyooka. Alimpisha mwenye baiskeli. Alimpisha mbwa. Mbele kidogo alisimama akaupisha mti.

"Unaona?" aliniuliza.

"Naona, Mkuu."

Nilikuwa naona barabara mbili, lakini sikutaka kumkatisha. Zile glasi zilikuwa zimengoja nikae, na sasa zilikuwa zinapanda zote pamoja. Uso ulikuwa wa moto. Mguu juu ya breki nilikuwa nausikia kwa mbali, nikawa nainama kuhakikisha bado uko pale.

"Ninyi vijana mnafundisha kwa pupa," Mkuu aliendelea. "Nikuulize. Jambo la kwanza kabisa unalomfundisha mwanafunzi ni nini?"

"Kioo, Mkuu. Kabla ya kuondoka, angalia kioo."

"Na wewe leo uliangalia?"

Gari la mafunzo lina vioo viwili vya ndani, kimoja cha dereva na kingine kidogo cha mwalimu. Nikainua macho kwenye changu.

Mke wangu alikuwa ananitazama kutoka humo.

Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, boksi la keki pembeni, mkanda umepita chini ya tumbo kama nilivyomwelekeza mimi mwenyewe.

"Umeingia saa ngapi?" nilimuuliza. Ulimi ulikuwa mzito.

"Kabla yenu."

"Si umeondoka na mama?"

"Nilikuwa naondoka. Nikapita nyuma ya hema, nikasikia kikao chenu chote. Sufuria, rangi ya geti, picha." Akalisogeza boksi la keki. "Na kibali."

Pombe ilianza kunitoka kwa jasho.

"Nilijiambia sitabishana na mtu," akaendelea. "Nikaja kukaa humu. Nikasema wakifungua mlango wakanikuta na tumbo hili, lazima mmoja wao aone haya, achukue ufunguo. Sikudhani mngefika hata getini. Baba leo haoni mbali, huyo nikamsamehe. Wewe ulifungua mlango, ukakaa, ukafunga mkanda. Nikakohoa. Hukugeuka."

"Nilidhani ni injini."

"Najua ulichodhani."

"Nani huyo anaongea?" Mkuu aliuliza.

"Ni mimi, baba."

"Ah, mwanangu. Karibu sana." Akawasha indiketa.

"Baba, simamisha gari."

"Mwanangu, mimi naendesha tangu—"

"Tangu sijazaliwa. Na huyu wa tumboni naye hajazaliwa. Simamisha gari."

Mkuu alicheka, akasema huyu mtoto amerithi mdomo wa mama yake. Mbele yetu ulikuwa unakuja mzunguko, magari yanaingia kutoka kila upande. Mkuu alikuwa anautazama kwa utulivu mkubwa, na sikuwa na hakika kwamba anauona.

"Wewe," mke wangu akaniambia. "Una breki. Simamisha."

Nikakanyaga.

Mguu uliochelewa wiki iliyopita, leo uliwahi kupita kiasi. Niliikanyaga breki ile kwa nguvu zangu zote, na za glasi zote. Gari lilikita pua chini likasimama katikati ya barabara. Sikuangalia nyuma. Kwenye kioo changu nilikuwa namwona mke wangu peke yake, na nyuma yake lilikuwa linakuja gari la mikate.

Halikuwa na mwendo mkubwa, nashukuru. Lakini lilitugonga. Boksi la keki lilinipiga kisogoni. Ngao iliruka kutoka miguuni kwa Mkuu, ikajigonga chini ya dashibodi, ikavunjika vipande viwili.

Kisha nikageuka. Ndiyo mara yangu ya kwanza siku ile kutazama kiti cha nyuma.

Alikuwa amefumba macho, mikono yote miwili tumboni.

"Niambie kitu," nilisema.

"Subiri."

Tukasubiri. Mkuu hakupumua, na mimi sikupumua. Nje mtu alikuwa anapiga honi, na sikuwahi kuchukia honi vile. Niliogopa, jamani. Hofu niliyowahi kuwa nayo juu ya kibali, juu ya kitanda, juu ya huyu mzee, niliona yote ilikuwa mchezo wa watoto.

"Amepiga teke," alisema mke wangu hatimaye, akafumbua macho. "Ana hasira. Tuko salama."

Nikaanza kulia. Sioni sababu ya kuficha. Nilinyoosha mkono nimshike, akausogeza pembeni.

"Usiniguse kwanza."

Askari wa trafiki aliyekuwa kwenye mzunguko alikuja anatembea, wala hakukimbia. Alikuwa dada kijana, buti zinang'aa. Aliinama dirishani, akanitazama, na nikamtambua. Alikuwa mwanafunzi wangu mwaka juzi. Alifaulu mara ya kwanza.

"Mwalimu Breki," alisema kwa mshangao. "Na Mkuu. Shikamoo, Mkuu." Halafu harufu ikamfikia, akarudi nyuma kidogo. "Kuna aliyeumia?"

"Hakuna," alijibu mke wangu.

Dereva wa mikate naye alikuwa mzima, anaokota mikate yake barabarani na kuipangusa.

"Basi nani alikuwa anaendesha?"

Nilifungua mdomo, lakini Mkuu alinitangulia. Alishuka. Sijui alizitoa wapi nguvu zile. Alifunga kifungo cha koti, akasimama wima, na sauti ikamtoka ileile ya jukwaani.

"Afande, hili ni gari la nini?"

"La mafunzo, Mkuu."

"Lina kibao cha L?"

Akaangalia. "Linacho."

"Katika gari la mafunzo, mbele ya sheria, dereva ni nani?"

Dada wa watu alisita. Akanitazama kwa huruma, maana somo hilo nililifundisha mimi, Jumatatu asubuhi, yeye akiwa kiti cha mbele. "Ni mwalimu," alisema. "Hata kama hajashika usukani."

"Na mimi nilikuwa nimekaa kiti gani?"

"Cha mwanafunzi, Mkuu."

Mkuu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mtu aliyenipa kazi, aliyenipa binti yake, aliyesaini kibali changu kwa mkono wake, alikuwa amejiandikisha kwangu kama mwanafunzi mchana kweupe, kati ya mikate.

"Mkuu," nilisema, "mimi nilipanda humu ili nikuzuie."

"Na ulinizuia," alisema. "Muulize mwenye mikate."

Nikamgeukia askari. "Yeye ndiye aliyelewa, afande."

"Mwalimu, wewe ndiye unayenuka zaidi."

"Pombe yenyewe ni yake."

"Iko tumboni mwa nani?"

Hakungoja nijibu. Akatoa kipima ulevi kwenye mkoba wake, akachomeka kimrija kipya. Lakini kabla ya kuninyooshea, alisimama akafikiri. Nilimfundisha vizuri, na siku ile nilijuta.

"Kuna jambo lazima nilijue," alisema. "Kama hili lilikuwa somo, dereva ni wewe, na kibali chako kinaondoka na mimi sasa hivi. Kama halikuwa somo, kile kibao ni pambo tu. Basi dereva ni Mkuu, na..." Aliona vipande vya ngao sakafuni, akavisoma, hakumaliza. Akainama kwenye dirisha la nyuma. "Dada, wewe ulikuwa ndani. Lilikuwa somo, au halikuwa somo?"

Sote tukamtazama mke wangu.

Akisema lilikuwa somo, mimi ni mtu aliyemwaga unga wake mwenyewe, na mtoto atazaliwa hatuna pa kumlaza. Akisema halikuwa somo, anampeleka baba yake mzazi kituoni, na chuo kinafungwa milango.

"Mwanangu," alisema Mkuu. Hakuongeza neno. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mzee.

Mimi nilikuwa bado nafuta keki kisogoni.

Mke wangu alifungua mkanda, akashuka taratibu, akasimama kati yetu, mkono kiunoni.

"Nitajibu, afande," alisema. "Ila kuna swali langu linatangulia."

Akanigeukia mimi.

"Leo kila mtu alikuwa na sababu yake ya kumzuia baba. Ya karani nimeisikia. Ya jirani nimeisikia. Yako nimesikia ni kibali. Lakini pale ulikuwa mbele za watu, labda ulikuwa na nyingine ukaona aibu kuitaja. Sasa niambie mimi. Ulipopanda gari hili, ulipanda kwa ajili ya nani?"

Jibu zuri lilikuwa limeshakaa kwenye ulimi. Kwa ajili yako. Maneno matamu, na yangetuokoa mimi na yeye na kitanda. Lakini yeye ndiye aliyekaa nyuma yangu akakohoa. Alijua, kuliko mtu yeyote duniani, kwamba sikuwa na habari kama yumo.

Na jibu la kweli nalo nililijua. Lilikuwa fupi zaidi: mimi.

"Mwalimu, puliza," alisema askari, akaniletea kimrija hadi kwenye midomo.

"Ajibu kwanza," alisema mke wangu.

Mmoja alikuwa anangoja pumzi yangu, mwingine anangoja neno, na mdomo ninao huu mmoja. Nikaufungua.